Nani Kasema Hakuna Mtu?

Kazi iliingia saa tano usiku, saa ambayo hizi kazi hupenda kuingia. Maneno 1,500 kuhusu fuo tulivu za mchanga kwenye kisiwa cha mbali. Kwa Kiingereza, bila shaka. Kisiwa nichague mwenyewe, mradi kiwe Afrika Mashariki. Mteja, ambaye hata sura yake siijui, aliambatanisha orodha ya maneno yanayopaswa kutokea pamoja na idadi yake: tulivu mara sita, iliyofichika mara nne, isiyoguswa mara tatu. Malipo ni kwa neno. Nikapiga hesabu ya tokeni za stima, unga, na kitu kidogo cha kumnyamazisha mwenye nyumba.

Naishi Membley, kwenye SQ nyuma ya nyumba ya watu. SQ, kwa wale mliobahatika, ni kile chumba kilichojengewa mfanyakazi wa nyumbani, ambacho siku hizi hukodishwa sisi tulioacha chuo na kubaki na laptopu na deni la karo. Dirisha langu linatazama ukuta. Nyuma ya ukuta kuna ukuta mwingine. Kutoka hapo, kwa miaka miwili, nimeuza fuo ambazo sijawahi kuzikanyaga. Nimeuza Mafia, nimeuza Pemba, nimeuza Funzi na Wasini, na siku hizo zote mbali zaidi niliyokuwa nimefika nikielekea baharini ni Voi, tena kwenye mazishi.

Si kazi ngumu. Chukua mchanga, uwe mweupe. Chukua maji, yawe ya feruzi. Weka mnazi mmoja ulioinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Halafu ondoa watu. Hapo ndipo penye ufundi wote. Mtu mmoja tu huruhusiwa kubaki, naye ni mvuvi, akiwa mbali, jua likizama, bila jina, bila watoto shuleni, bila bei ya petroli ya mashini yake. Mvuvi wa aina hiyo nimewahi kumweka kwenye makala kumi na moja. Alikuwa yule yule.

Kwa hivyo nikianza kupiga kelele hapa, najua la nyani na kundule. Nakubali. Lakini acheni nipige.

Ninachosema ni hiki: kwenye pwani yetu, ufuo ukiuona mtupu, usiseme ni mtulivu. Uliza nani aliondoka, nani aliondolewa, na mwaka gani. Kimya kile tunachokimbilia na mabegi yetu ya Desemba mara nyingi kina tarehe ya kuanza, na mara nyingi kuna mtu aliyekilipia. Bahari yenyewe haijawahi kunyamaza. Jaribu kulala karibu nayo wakati wa kusi halafu uniambie.

Tuanze na hilo neno mbali. Mbali na nani? Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Wakati huo Lamu ilikuwa imeshajenga misikiti kwa mamia ya miaka na kupeleka majahazi Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za msimu. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa wakaipa umri wa karne ya nane. Karne ya nane, wasee. Membley yenyewe ilikuwa shamba juzi tu. Kama kuna mtu anayeishi mbali kwenye hadithi hii, ni mimi na ukuta wangu.

Februari nilichoka kudanganya. Rafiki tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli (yeye akamaliza, mimi nikaacha mwaka wa tatu) ni mtu wa Shela, na kila mara alikuwa akinitumia makala yangu na neno moja: "Muongo." Nikauza simu ya pili, nikapanda basi la usiku hadi Mombasa, kisha jingine la kwenda Mokowe. Baada ya Garsen tulishushwa mara tatu kuonyesha vitambulisho. Changu kilitazamwa upande mmoja nikarudishiwa. Cha kijana aliyekaa kando yangu, Mbajuni wa huko huko tunakokwenda, kilizungushwa, kikapigwa picha, akaulizwa anaenda kufanya nini. Anaenda nyumbani. Mimi mgeni ndiye niliyepita bila swali.

Shela ina ufuo wa kama kilomita 12, na asubuhi ya kwanza, maji yakiwa yamekupwa, nilitembea karibu saa nzima bila kukutana na mtu. Nitasema ukweli: ni mzuri kuliko nilivyowahi kuudanganya. Na nikajipata natunga sentensi kichwani. Tulivu. Isiyoguswa. Mazoea hayana dawa.

Jioni, mjomba wa rafiki yangu, ambaye sote tulimwita Ami, aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona vilima vya mchanga, hakuna mtu, raha tupu. Lamu mchanga wauita mtanga. Akanitazama vile mwalimu wa hesabu anavyomtazama mtoto aliyejumlisha kwa vidole.

"Ule si mtanga, mwanangu. Ule ni mtungi."

Ndiyo maana hakuna nyumba pale. Mvua ikinyesha Lamu, maji huzama kwenye vile vilima vya Shela na kukaa chini yake, juu ya maji mazito ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu, ule mji wenye milango ya kuchongwa ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Ukichota kwa pupa, au ukijenga juu na kuchimba mashimo ya choo, ule utando wa maji matamu hupungua na chumvi hupanda. Vilima hivyo vimetangazwa rasmi kuwa chanzo cha maji cha kulindwa, lakini hilo halijawazuia wenye tamaa ya ploti kuvimezea mate, kwa sababu kwenye picha vinaonekana ni mahali patupu penye mandhari. Nani amewafundisha kwamba ni patupu? Watu wa kazi yangu. Neno isiyoguswa, akilisoma broka, lina maana moja tu: bado haijauzwa.

Na watu wa Shela si watu wa kufundishwa habari za chumvi. Wengi wao hujihesabu kuwa wametokana na Takwa, mji wa mawe ulioko ng'ambo, kisiwa cha Manda, ambao uliachwa katika karne ya 17. Masimulizi husema maji yaliharibika. Hadi leo wao huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililoko pale. Mgeni akipiga picha yale magofu huandika amani. Ami alisema babu zake walihama na mitungi vichwani.

Siku ya nne nilipata nafasi kwenye mashua iliyokuwa ikipeleka unga na soda Kiwayu. Ilitubidi tungoje maji yajae ndipo tupite Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, kwa hivyo kila mtu alikuwa na muda wa kunicheka nilivyoshika ubao kwa mikono miwili. Kiwayu ndicho kisiwa nilichokiuza zaidi ya vyote. Ni kirefu na chembamba, kijiji kiko upande wa ndani uliotulia, na ukipanda mgongo wa mchanga ukashuka upande wa pili unakuta bahari kuu na ufuo mtupu, mchanga mwingi kuliko macho. Kasa hutaga huko. Eneo lote ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka wa 1979.

Nilikaa pale juu nikijaribu kukumbuka nilichokuwa nimeandika. "Mahali ambapo wakati umesimama." Niliandika hivyo. Nikalipwa.

Sasa acha niwaambie wakati ulivyosimama. Usiku wa tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye bunduki walivamia hoteli iliyokuwa bara, ng'ambo tu ya Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe hadi Somalia, ambako alikaa zaidi ya miezi sita. Oktoba mosi wakamteka Mfaransa mmoja mgonjwa kutoka Manda, naye akafia mikononi mwao. Oktoba hiyo hiyo jeshi la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia. Watalii wakatoweka, hilo kila mtu analijua kwa sababu magazeti yalililia watalii. Kilichotajwa kwa mistari miwili ni kwamba serikali ilipiga marufuku uvuvi wa usiku Lamu. Na marufuku hayo hayakuwa ya wiki mbili. Yalidumu miaka.

Kwa sisi wa barabara ya Thika, hebu tuitafsiri hiyo. Samaki wengi hufuata usiku, na bahari hufuata mwezi. Bamvua likija usiku, wewe huwezi kuliandikia barua lije saa nne asubuhi. Kumwambia mvuvi wa Lamu avue mchana tu ni kama kumwambia mtu wa boda wa Ruiru afanye kazi saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, halafu umuulize kwa nini halipi mkopo. Kisha Juni 2014 ikaja Mpeketoni, makumi ya watu wakauawa, na baada yake kafyu. Bahari ikafungwa tena na tena. Na kabla ya haya yote kulikuwa na vita vya shifta vya miaka ya 60, vilivyowatoa Wabajuni wa vijiji vya kaskazini na kuwasambaza hadi Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi. Wakati wewe unaona pwani ndefu isiyo na nyumba upande wa Kiunga, kuna bibi kizee Mombasa anayekumbuka nyumba yao ilikuwa mti gani.

Sisemi usalama ni mzaha. Waliouawa waliuawa. Ninachokataa ni kuchukua matokeo ya hofu, ya marufuku na ya ukimbizi, kuyapaka mafuta ya nazi, na kuyaita utulivu.

Bandari nayo nitaipitia haraka kwa sababu ina vitabu vyake. Mwaka wa 2012 jiwe la msingi liliwekwa, gati la kwanza likafunguliwa 2021, na katikati yake, mwaka wa 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi. Wavuvi 4,600! Na mimi kwenye makala yangu nilikuwa na mmoja.

Nikirudi nilipitia fuo za Mombasa, na hapo ndipo hasira ilipochemka vizuri. Nilikuwa natembea kwenye mchanga uliolowa, viatu mkononi, nikafika mbele ya hoteli fulani. Soja akaja mbio.

"Boss, wewe ni mgeni wa hoteli?"

"Hapana, napita tu."

"Basi pitia kule juu, barabarani."

Sikumlaumu sana, mshahara wake naujua. Lakini sikilizeni, na hili mlikariri kama namba ya M-Pesa: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ya umma ni yako. Hoteli inaweza kumiliki nyasi zake, viti vyake na ile baa yenye paa la makuti. Ule mchanga uliolowa haumiliki. Ndiyo maana ujanja mkubwa wa pwani hauko kwenye mchanga, uko kwenye vichochoro vya kuufikia. Njia ya wavuvi ya miaka yote unakuta imezibwa kwa ukuta na bogenvilia, na kutoka hapo ufuo unakuwa "wa faragha" bila sheria yoyote kubadilishwa. Umma unaruhusiwa kabisa kuwa pale, mradi udondoke kutoka angani.

Ng'ambo ya mpaka, Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, hawahitaji hata kuficha njia: kisiwa kizima kimekodishwa kwa hoteli moja ya kifahari, na mvuvi wa Matemwe anakitazama kwa mbali. Nimekiandika pia. "Kisiwa cha ndoto." Ndoto za nani, sikusema.

Nikafika Membley jioni, begi mgongoni, getini kwetu. Soja mpya.

"Unaenda kwa nani?"

Miaka miwili nimeishi mle ndani. Nikasimama pale nikacheka peke yangu hadi akaingiwa na wasiwasi. Membley ni geti baada ya geti, na kila geti lina kijitabu cha kuandikisha vitambulisho. Mwaka jana kulikuwa na mama aliyekuwa akipita na kikapu cha mboga, akiita kwa sauti majina ya watoto wa kila nyumba. Kikundi cha wakaaji kikakubaliana kwamba anaharibu utulivu. Hapiti tena. Nyumba za hapa zinatangazwa kwa maneno mawili, tulivu na salama, na yale matangazo, ndugu zangu, baadhi yake niliandika mimi. Yalikuwa maneno yale yale. Nilikuwa nayatoa huku nayapeleka Kiwayu.

Najua jibu lenu. Mtasema: lakini bana, tunachoka. Lori za baipasi zinanguruma usiku kucha, mathree zinapiga muziki hadi meno yanatikisika, mhubiri wa spika ana mkesha kila Ijumaa. Mtu hana haki ya kukaa mahali pamenyamaza hata siku tatu? Anayo. Mimi mwenyewe nililala Shela kama mtoto. Nilichokiona ni kwamba usingizi ule haukutokana na kukosekana kwa watu. Kulikuwa na adhana, punda, watoto wa madrasa, na mtu aliyekuwa akigongomea mashua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nililala kwa sababu kuna watu walinijua niko pale. Ami aliniuliza nimekula. Hiyo si ile bidhaa ninayoiuza. Ninayoiuza inahitaji Ami asiwepo.

Basi Desemba mkienda, nendeni. Sisi ndio tunaopaswa kwenda, tena kwa wingi, kwa basi, tukatembee kwenye ule mchanga wa kifungu cha 62 hadi soja wachoke kuuliza. Lipeni mashua za wenyeji, laleni kwenye nyumba za wenyeji, ulizeni maji ya kuoga yanatoka wapi kabla ya kufungua mfereji. Na mkipiga ile picha ya ufuo mtupu, ambayo mtaipiga tu, hata mimi niliipiga, msiandike chini yake kwamba mmegundua mahali.

Kuhusu ile kazi. Niliifanya. Niliweka tulivu mara sita kama nilivyoagizwa, na kati ya hizo sita nikaweka mtungi wa Shela, kitambulisho cha yule kijana wa basini, na miaka ya bahari kufungwa usiku. Sikumtaja mvuvi mmoja, niliwataja 4,600. Nikatuma Jumatatu.

Akajibu baada ya saa moja. Ameipenda lugha, amependa sehemu ya kasa. Ila ina watu wengi, tafadhali niwapunguze kisha nitume upya, malipo yako tayari. Mwezi mmoja kabla ningewapunguza kwa dakika kumi nikiwa nimelala. Nikamjibu kwamba hawapunguziki.

Tokeni ziliisha Alhamisi. Haya nimeyamalizia kwa simu, kwenye kibanda cha chai nje ya geti, na mama wa mboga yuko hapa, amehamishia kikapu chake kando ya barabara, anauliza naandika nini.